Wabebwa wa Jabali

Asubuhi ile Ikupa Mwambene alikuwa akiifundisha Jabali kujiangalia yenyewe.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya nyanda za Kitulo. Ndani ya ukumbi, makabati ya chuma yalisimama safu kwa safu, marefu kuliko nyumba, na kati yake ulipita upepo wa mlimani ulioingizwa makusudi kwa matundu ya ukutani. Uliingia ukiwa wa baridi kali, ukatokea upande wa pili ukiwa na joto la pumzi ya ng'ombe. Wachungaji wa jirani walikuwa wakileta ndama wachanga kulala pale nje, kwenye mdomo wa matundu, na hakuna mlinzi aliyekuwa na moyo wa kuwafukuza.

Jabali ilikuwa kompyuta kuu ya nchi. Ilifungua na kufunga maji ya miji, iliongoza treni, iligawa umeme, na pia ilibeba watu.

"Umefika wapi?" Chesko Chaula aliuliza kutoka mlangoni. Ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa kituo, mwanamume mpana wa kofia ya sufu ambayo hakuivua hata mbele ya mawaziri.

"Maji nimemaliza. Treni nimemaliza. Sasa naingia kwa wabebwa."

"Na mfumo utaanza kutenda lini?"

"Leo uangalie tu, bosi. Kesho mchana tutauruhusu utende."

Chesko aliguna kwa kuridhika. Zamani Jabali iliangaliwa na watu, wamekaa mbele ya skrini, mmoja akinywa chai mwenzake akikodoa macho. Lakini mashine ilikuwa imekua mno. Mwezi uliopita kazi moja ya kugawa umeme ilivimba ghafla, ikala nafasi ya jirani zake, na jiji zima likakosa maji kabla hata mtu hajaweka kikombe chini. Mamlaka inayoisimamia Jabali ikamwita Chesko, ikamweka kikao kirefu, ikamrudisha na amri moja: Jabali ijifuatilie yenyewe, ipime utendaji wake yenyewe, ijirekebishe yenyewe.

Kwa hiyo Ikupa alikuwa akiuelekeza mfumo, kazi baada ya kazi. Hali ya kawaida ya kazi hii ikoje? Mwisho wa kuvumilia ni upi? Ukivukwa, kifanyike nini? Onya, punguza, au kata. Akishamaliza, mfumo ungechukua vipimo kila mara jicho linapopepesa, kwenye kila kona ya Jabali, na ungeamua wenyewe.

Alifungua skrini ya wabebwa. Hao walikuwa watu ambao sehemu ya ubongo ilikuwa imekufa, kwa kiharusi, kwa ajali au kwa homa, na kazi ya sehemu ile ikahamishiwa kwenye mashine. Kila mmoja alikuwa na kipokezi kidogo kama punje ya mahindi chini ya ngozi, nyuma ya sikio. Mtu alikaa Tunduru au Kasulu anakula ugali wake, na Jabali, huku Kitulo, ilimkumbusha namna ya kumeza.

Ikupa alikuwa amefanya kazi ile miaka mingi, lakini kila akifungua skrini hii alishusha sauti, kama anayeingia chumba chenye watu waliolala. Mstari mmoja kwa kila mtu, unapanda na kushuka taratibu. Aliweka vizingiti, akauruhusu mfumo uangalie, akaenda kumimina chai.

Aliporudi, mfumo ulikuwa umeandika sentensi tatu fupi kwa rangi nyekundu:

*Mbebwa wa Matamba ametoa zamu bila amri.*
*Mbebwa wa Lindi amepokea zamu bila amri.*
*Pendekezo: kata.*

*

Alidhani amekosea kuweka kizingiti. Akarudia. Maneno yakarudi yale yale.

Ndani ya Jabali kila kazi husubiri zamu yake ya kutumia mashine. Zamu zote zimegawanywa. Ukiongeza mahali, umepunguza mahali. Na mgawo wa wabebwa ulilindwa kuliko kitu chochote, maana zamu za mtu ndizo pumzi yake, au hatua zake, au uso wa mama yake. Hakukuwa na programu iliyomruhusu mtu kumwachia mwenzake zamu. Ikupa alilijua hilo kwa hakika, kwa sababu ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya programu zile.

Alivuta vipimo vya mwezi mzima na kuvitandaza kwenye ukuta mkubwa wa ukumbi, mistari yote pamoja juu ya ramani ya nchi. Kisha akakaa kusubiri, hajui anasubiri nini.

Ilikuja kabla ya chakula cha mchana. Mstari wa Lindi ulitetemeka. Huyu alikuwa Somoe Likwata, mpishi wa shule, ambaye homa ya utotoni ilimwachia kifafa na kuua sehemu inayoendesha pumzi. Mstari uliruka juu mara moja, ukagonga mwisho wa mgawo wake, ukabaki pale ukipapatika. Kifafa kilikuwa kimempanda, na pumzi yake ilidai zamu ambazo hakuwa nazo.

Ikupa alinyoosha mkono kushika simu ya dharura. Mkono ukabaki hewani.

Mstari wa Matamba ulikuwa umeshuka. Haukuanguka, ulishuka kwa utulivu, kama mtu anayeinama kuweka mzigo chini. Mara ukashuka wa Kasulu, kidogo. Ukafuata wa Tunduru. Pemba. Singida. Nchi nzima, mmoja mmoja, mistari mikubwa iliinama, na kadiri ilivyoinama ndivyo mstari wa Lindi ulivyopata nafasi ya kupanda. Ukapanda, ukapita mwisho wake, ukasimama juu kabisa, peke yake, umeshikiliwa na hiyo yote. Kisha ukatulia. Ukarudi chini polepole. Na wengine nao wakainuka, kila mmoja mahali pake.

Nyuma yake Ikupa alisikia mtu akivuta pumzi. Chesko alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, kofia yake ya sufu ameishika kifuani kwa mikono miwili.

"Nani kawaambia wafanye hivyo?" alinong'ona.

"Hakuna."

"Wanajuana?"

"Hapana, bosi. Hawajawahi kuonana. Wengine hawajui hata kama wenzao wapo."

Chesko alisogea hadi ukutani, akagusa mstari wa Lindi kwa ncha ya kidole, taratibu, kana kwamba angeweza kuukata kwa ukucha. "Programu zinajifunza kutoka kwenye ubongo zinaoutumikia," alisema.

"Kila siku. Miaka yote hii."

"Basi wamezifundisha wenyewe." Akasogeza kidole hadi kwenye mstari wa Matamba. "Huyu wa Matamba anatoa kuliko wote. Anabaki na nini?"

Hilo ndilo Ikupa alikuwa akiogopa kulitazama. Alifungua taarifa za mtu yule. Yoabu Tweve, aliwahi kuwa msimamizi wa kiwanda cha mbao. Gogo lilimwangukia kichwani. Sehemu yake iliyobebwa na Jabali ilikuwa ya sura na majina.

"Habaki na kitu," Ikupa alisema. "Zile dakika hamjui mtu yeyote duniani."

Chesko alivaa kofia yake tena, na alipoivaa akawa mkurugenzi. "Mfumo umependekeza kukata. Na kwa sheria uko sahihi. Yule mzee alikubali kubebwa, hakukubali kuchukuliwa."

"Tukikata, yule mama wa Lindi hatapona kifafa kinachofuata."

"Na tusipokata tunamnyang'anya mzee wa watu mke wake na watoto wake, bila kumwambia, halafu tunaita huruma."

"Labda anatoa mwenyewe."

"Labda. Una uhakika?"

Hakuwa nao. Akaomba gari la kituo.

*

Nyumba ya Mzee Tweve ilikuwa mwisho wa Matamba, imezungukwa na misonobari, na uani kulikuwa na viazi vilivyotoka shambani vikiwa bado na udongo. Mkewe ndiye aliyempokea Ikupa, mwanamke mrefu mwenye shuka mabegani. Aliitwa Edina.

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wa kule mitamboni?" Alikwisha kuona nembo ya gari. "Pita. Baba Yusta yuko jikoni anamenya viazi. Anamenya vibaya, anaondoa nusu ya kiazi, lakini anapenda."

Mzee alikuwa mdogo wa mwili, mwenye kovu lililotoka paji la uso hadi kisogoni, na macho ya kuchekacheka. Ikupa alikaa kwenye kigoda karibu na moto, akaeleza yote kadiri alivyoweza bila kulitaja jina la Somoe: yupo mtu mbali, pumzi yake hukwama, na wakati huo zamu za mzee huenda kwake. Edina alisikiliza akiwa amesimama, mikono kiunoni.

"Kumbe ndicho hicho," Edina alisema, Ikupa alipomaliza. "Mimi nilidhani ni ugonjwa unarudi. Anasimama tu, ametulia, kama anayesikiliza kitu. Halafu ananitazama kama nimekuja kuuza sabuni. Juzi kaniambia mama shikamoo. Mimi, mkewe!"

"Nilikuwa na adabu," mzee alisema.

"Usinichekeshe, Baba Yusta. Nakuambia ninavyoumia." Akamgeukia Ikupa. "Mnaweza kukizima?"

"Tunaweza, mama. Kesho mchana."

"Kizimeni."

Ikupa akamtazama mzee. "Na wewe, baba? Ikija unajisikiaje? Ni wewe unayetoa, au unachukuliwa?"

Mzee Tweve aliweka kisu chini. Lile cheko la machoni likaondoka. "Mwanangu, ningependa kukwambia natoa mwenyewe. Ingekuwa jambo la kujivunia. Lakini sijui. Kule kiwandani, wenzako wakielemewa na gogo, unajikuta umeshaweka bega kabla hujaamua. Ndivyo inavyokuja. Bega limeshaingia. Ila pale nilikuwa najua naweza kulitoa. Hapa sijui." Akaangalia mikono yake. "Na ninaogopa. Nisipokwambia hilo nitakuwa nimekudanganya."

Edina alifungua mdomo kujibu. Kabla hajajibu, kiazi kilidondoka kutoka mkononi mwa mzee.

Mzee alikuwa amekaa wima, macho yamefunguka, uso umelainika. Edina alisogea haraka, akasukuma kisu mbali kwa mguu, akashika bega la mumewe asije akaegemea moto. Ikupa alitoa skrini yake ya mkononi.

"Ndiye?" Edina aliuliza.

"Ndiye. Huu mstari ni Baba Yusta. Huu ni yule mtu."

Wanawake wawili waliinama pamoja juu ya kioo kile. Mstari mmoja ulikuwa umelala chini kabisa. Mwingine ulikuwa juu, unapapatika, unatafuta pa kushika.

"Ni mwanamke?" Edina aliuliza kwa sauti ndogo.

Ikupa hakutakiwa kujibu. "Ni mwanamke."

"Ana watoto?"

"Anapikia watoto wa shule."

Edina alibaki ameshika bega la mumewe, macho kwenye kioo, midomo ikimchezacheza. Mstari wa juu ulitulia. Ukaanza kushuka. "Haya, mama, haya," alinong'ona, na Ikupa hakujua alikuwa akimwambia nani.

Mzee alipepesa macho. Alimtazama mwanamke aliyemshika bega, akajaribu kusimama kwa heshima. "Samahani, mama. Sijui tumefahamiana wapi."

"Mimi ni Edina," alisema, na sauti yake haikutetemeka. "Nimeolewa na wewe."

Mzee alimkagua kutoka kichwani hadi miguuni, kisha uso wake ukafunguka kwa mshangao. "Mimi? Nilikupataje?"

Edina alicheka, machozi yakamtoka humo humo ndani ya kicheko, akayafuta kwa pindo la shuka. Walimsubiri hadi akarudi, na aliporudi aliuliza kiazi chake kiko wapi.

Wakati wa kuondoka Edina alimsindikiza Ikupa hadi kwenye gari. Alisimama ameshika mlango.

"Msikizime," alisema.

"Mama, huna haja ya..."

"Sijamaliza. Msikizime, lakini kisichukue chote. Aachiwe kidogo cha kunijua mimi. Wengine atawasahau, watamvumilia. Hilo mnaliweza?"

Vizingiti vyote ambavyo Ikupa aliwahi kuweka maishani vilikuwa vya juu: kazi isizidi hapa, isivuke hapa. Hakuwahi kufikiria kuweka kizingiti chini ya mtu, kama sakafu, mahali ambapo hata mtu huyo mwenyewe asingeweza kushuka zaidi.

"Naliweza," alisema.

*

Chesko aliisikiliza habari yote akitembea mbele ya ukuta wa mistari.

"Ukimwekea mzee sakafu, yule wa Lindi atapungukiwa."

"Ndiyo."

"Na utawauliza wengine wote? Kila mmoja?"

"Kila mmoja. Asiyetaka, mfumo utamfungia njia, hatachukuliwa hata chembe. Anayetaka atasema aachiwe nini. Mfumo hautakata watu, bosi. Utalinda sakafu zao."

"Wakikataa wengi?"

Chesko hakusubiri jibu; alikwenda ofisini kwake, akaipigia Mamlaka, na kwa mara ya kwanza tangu Ikupa amfahamu alimsikia akipaza sauti kwa wakubwa. Akapata siku chache.

Wakazitumia kwenye simu. Wapo waliolia. Wapo waliosema wao hujihisi vizuri sana nyakati fulani, bila sababu, na sasa wameijua sababu. Kijana mmoja wa Singida alikataa katakata. Alikuwa amehangaika miaka mitatu kujifunza kutembea tena, na hakuwa tayari kuachia hatua moja. Ikupa alimwambia ana haki, akamfungia njia mwenyewe, mbele ya Chesko. Mama mmoja wa Pemba aliomba aachiwe sala zake. Mwingine aliomba aachiwe wimbo wa kumlaza mwanawe. Mtu wa Kasulu alisema achukuliwe chochote, na Ikupa akakataa, akamwekea sakafu kama wengine. Ni Somoe peke yake ambaye hakumpigia. Kila alipoifikia namba yake aliiruka.

"Akisema hapana je?" Chesko alimuuliza.

"Ndiyo maana sijampigia."

"Basi ujue hujamaliza," alisema, akamwacha.

Waliuruhusu mfumo utende siku ya Ijumaa mchana, jua likiwa limetoboa ukungu na maua ya nyanda yamefunguka hadi kwenye kuta za kituo. Kifafa kilikuja kabla ya jioni.

Mstari wa Lindi uliruka, ukagonga mwisho. Matamba ikainama kama kawaida yake, ikashuka, ikashuka, kisha ikasimama ghafla. Imefika sakafuni. Ikupa aliona jinsi ilivyosukuma, jinsi ilivyotaka kwenda chini zaidi, na mfumo ukaishikilia. Singida haikutikisika. Kasulu ikatoa, ikazuiwa. Pemba ikatoa, ikazuiwa. Mstari wa Lindi ulikuwa umepanda nusu tu, na ulianza kupinda.

"Zamu hazitoshi," Chesko alisema. "Ikupa, ondoa sakafu ya mzee. Ondoa sasa!"

Kidole cha Ikupa kilikuwa kwenye kitufe. Alimwona Edina ameshika mlango wa gari. Alimwona mwanamke asiyemjua, sakafuni kwenye jiko la shule. Hakubonyeza, na wala hakujua kama kutobonyeza kule kulikuwa haki au uuaji.

Ndipo ukuta mzima ukasogea.

Ile mistari ambayo haikuwahi kutoa, ya watu ambao Jabali iliwabebea vitu vidogo tu, kushika kijiko, kutofautisha chumvi na sukari, kusikia kwa sikio la kushoto, yote iliinama kwa pamoja. Kila mmoja kidogo sana, unywele tu. Mwanza hadi Newala, milimani hadi visiwani, nchi ilishuka unywele mmoja, kama shamba la ngano upepo ukipita, na katikati yake mstari mmoja ukanyooka, ukapanda, ukasimama.

Chesko alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye kabati. Nje ndama mmoja alilia na mama yake akamjibu.

Ikupa alisubiri hadi mstari wa Lindi ulipotulia kabisa, kisha akapiga namba aliyokuwa akiiruka.

Sauti iliyopokea ilikuwa ya uchovu, na nyuma yake masufuria yaligongana. Ikupa alijitambulisha, akaeleza, hakuficha kitu. Masufuria yaliacha kugongana.

"Sikuwaomba," Somoe alisema hatimaye.

"Najua, dada."

"Ni wengi?"

"Ni wengi sana."

Somoe alivuta pumzi, pumzi ndefu, na Ikupa aliiona ikipita ukutani mbele yake. "Usiniambie majina yao. Nikiyajua nitashinda nawashukuru, hawa watoto watakula saa ngapi?" Masufuria yakagongana tena. "Na wao, mmoja akizidiwa?"

"Wengine watamsaidia."

"Mimi je?"

"Dada Somoe, wewe hali yako..."

"Hali yangu inanipanda na kunishuka. Siku nyingine mimi ni mzima, nabeba gunia la unga peke yangu. Siku hizo niweke na mimi."

Ikupa alimgeukia Chesko. Mkurugenzi alikuwa amesikia. Alitikisa kichwa kukubali. Kwa hiyo Ikupa alifungua njia ya Lindi ya kutoa, akaweka chini yake sakafu iliyo juu kuliko ya mtu mwingine yeyote, akamsomea Somoe alichofanya, na Somoe akasema sawa, akaomba ruhusa, maharage yalikuwa yanaungua.

Wiki iliyofuata, mchana wa mvua, yule kijana wa Singida aliyejifungia njia ya kutoa alianguka akivuka mto, na mguu uliobebwa na Jabali ukadai zamu ambazo hakuwa nazo. Ikupa alikuwa peke yake ukumbini. Aliutazama mstari wa Singida ukipapatika majini, na akaona mstari mmoja ukiwahi kuinama kabla ya wengine wote. Ulikuwa wa Lindi. Mfumo ukaupima, ukaiona sakafu haijaguswa, ukauacha upite.